Mnyama Anapokupa Mgongo: Tunavyoweza Kuitambua Imani ya Mnyama wa Nyumbani

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa kunialika, na nashukuru kwamba hakuna aliyekuja na mbwa wake humu ukumbini, maana nisingesikilizwa hata dakika moja.

Mtu akiulizwa ni lini mnyama wake humwonyesha kwamba anampenda, mara nyingi hutaja wakati wa kurudi nyumbani. Mlango haujafunguka vizuri, mbwa keshamrukia, mkia unamyumbisha kiwiliwili chote, mara alambe mikono, mara azunguke miguuni. Ni furaha ya kweli, sibishani nayo. Lakini mimi kazi yangu ni kutibu wanyama, na nikitaka kujua kama mnyama anamwamini mtu aliyemleta, sianzii hapo. Mbwa mchangamfu humrukia hata fundi bomba asiyemjua. Mimi hutazama amelala vipi, anamkimbilia nani akiogopa, na akiumia anamruhusu nani amguse. Mapenzi ya mnyama huonekana vizuri zaidi pale anapoacha kujilinda ilhali njia ya kukimbia iko wazi. Hilo ndilo nililokuja kusema. Mengine yote ni mifano.

Tuanze na usingizi. Mnyama aliyelala hana mlinzi, na mwili wake unalijua hilo. Sasa mtazame mbwa anayekuja kulala karibu na kiti chako. Wengi wanasikitika: "Mbona ananigeuzia mgongo?" Kati yetu watu, anayekupa mgongo mna ugomvi. Kwa mbwa, mgongo ni upande asioweza kuuona. Anapoukandamiza kwenye miguu yako na kuelekeza macho mlangoni, upande mmoja anauangalia yeye, ule mwingine amekuachia wewe.

Sungura ndiye mfano ninaoupenda kuliko wote, kwa sababu sungura ni windo. Maumbile yake yote yamepangwa kwa ajili ya kuwahi kukimbia: macho yako pembeni ili aone karibu pande zote, masikio hayatulii, na mara nyingi husinzia macho yakiwa wazi, miguu imekunjwa tayari. Mnyama wa namna hiyo siku moja anajibwaga ubavuni mbele yako, pu!, miguu kainyoosha, sehemu ya tumbo iko nje. Wapo wanaonipigia simu kwa hofu wakidhani amekufa ghafla. Hajafa. Ameamua tu kwamba mbele yako hahitaji kuwa tayari kukimbia. Sijui kama kuna sifa kubwa zaidi ambayo windo anaweza kumpa mnyama mla nyama, na sisi ni wala nyama. Harufu yetu anaijua.

Sasa hofu. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mbwa anaifuata methali hiyo bila kufundishwa. Radi ikipiga, anamtafuta mtu wake. Watafiti wamelipima jambo hili. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alibuni jaribio kwa ajili ya watoto wachanga: mtoto anawekwa na mama katika chumba kigeni, mama anatoka, kisha anarudi, na anayetazama anaandika mtoto anafanya nini katika kila hatua. Mwaka 1998 József Topál na wenzake huko Budapest, Hungaria, walilifanya kwa mbwa na wenye mbwa. Mwenyewe alipokuwepo, mbwa alicheza na kuchunguza chumba zaidi. Alipotoka, mbwa alisimama mlangoni. Aliporudi, mbwa alimwendea kwa namna ambayo hakumwendea mgeni.

Na paka je? Maana kuna msemo tumeurithi kwamba paka hupenda nyumba, hapendi mtu. Mwaka 2019 Kristyn Vitale na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, waliwapitisha watoto wa paka katika jaribio linalofanana na hilo: dakika mbili na mlezi wake, dakika mbili peke yake, dakika mbili mlezi amerudi. Kama asilimia 64 walionyesha kile wanasaikolojia wanachokiita uhusiano salama, kiwango ambacho hakiko mbali na kile cha watoto wa binadamu.

Nataka tukae hapo kidogo, kwa sababu watu huichukua asilimia na kuacha lililo muhimu. Paka mwenye uhusiano salama alifanyaje mlezi aliporudi? Hakumganda. Alimsalimu, akajisugua, kisha akaendelea na shughuli zake za kukagua chumba. Yule aliyemng'ang'ania mlezi asitake kumwachia, na yule aliyejitenga akamkwepa, ndio waliohesabiwa kuwa uhusiano wao haujatulia. Kwa hiyo yule mbwa anayekufuata mpaka msalani, analia ukifunga mlango, anatafuna viti ukitoka, usijisifu naye sana. Huenda anakupenda, lakini pia ana wasiwasi, na wasiwasi unahitaji msaada. Mnyama anayekuamini anaweza kukuacha jikoni akaenda kulala chumba kingine, kwa kuwa hana shaka kwamba utakuwepo akiamka.

Nimeona mama pale mbele anatabasamu. Nadhani ni mwenye paka.

Macho nayo yana habari zake. Mbwa kwa mbwa, kukazia macho ni kutafuta ugomvi. Lakini mbwa humtazama mtu wake usoni kwa muda mrefu, kwa utulivu, pasipo kuomba chochote. Mwaka 2015 Miho Nagasawa na wenzake huko Japani walipima oksitosini, ile homoni inayohusika na kumfunga mama na mtoto wake, katika mkojo wa mbwa na wa watu wao kabla na baada ya kukaa pamoja. Pale mbwa na mtu walipotazamana kwa muda mrefu zaidi, homoni hiyo ilipanda kwa wote wawili. Mbwa mwitu waliolelewa na watu tangu wadogo hawakuonyesha hivyo. Hao hata kuwatazama watu wao machoni hawakupenda.

Kwa paka ni kinyume kidogo. Usimkodolee paka macho. Yeye akikutazama kisha akafumba macho polepole, akayafumbua nusu, akafumba tena, hapo amekuambia jambo. Utafiti uliofanywa na Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, ukachapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba paka hujibu kwa macho yao wenyewe mtu anapowafumbia hivyo, na kwamba hata mgeni akifanya vile, paka yuko tayari zaidi kuusogelea mkono wake. Jaribuni leo usiku. Mkijisikia wajinga, zimeni taa za sebuleni kwanza.

Kisha kuna pua. Mkimkuta mbwa amelalia fulana yenu chafu, msimfukuze haraka. Gregory Berns wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, aliwafundisha mbwa kulala kimya ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ubongo, wakiwa macho, bila kufungwa, kisha akawaletea harufu mbalimbali: ya mbwa mwingine, ya mtu mgeni, ya mtu wa nyumbani kwao. Sehemu ya ubongo inayohusika na kutarajia jambo jema iliitikia zaidi harufu ya mtu wa nyumbani, na mtu huyo hakuwepo pale. Hakukuwa na chakula mkononi mwa yeyote anayenukia hivyo. Wale wanaosema mbwa anapenda bakuli tu, hapo wana kazi ya kueleza.

Lakini nisiwapendezeshe kupita kiasi. Zipo dalili tunazozisoma vibaya, na mara nyingine mtu anang'atwa kwa sababu hiyo.

Paka akilala chali akakuonyesha tumbo, ni imani, ndiyo. Haijawa ruhusa. Amekuonyesha mahali ambapo viungo vyake vya ndani viko karibu na ngozi, wewe ukaingiza mkono, akaukamata kwa kucha za miguu yote minne. Mnalaumiana bure. Mngurumo laini wa kifuani pia si furaha kila mara: paka hunguruma akiumwa, hunguruma akizaa, na nimewasikia wakinguruma juu ya meza yangu mguu umevunjika. Ule mkia wa mbwa tunaouamini sana nao una mambo. Watafiti wa Italia mwaka 2007 waliona kwamba mbwa akimwona mwenyewe, mkia huvutia zaidi kulia kwake. Akimwona mbwa mgeni mwenye ubabe, huvutia kushoto. Kutikisika peke yake hakutoshi.

Kumkumbatia mbwa shingoni ni jambo tunalolipenda sisi. Tazameni picha za watu wakiwakumbatia mbwa wao, acheni uso wa mtu, mtazameni mbwa: masikio yamelala nyuma, anajilamba midomo, weupe wa jicho unaonekana. Anavumilia. Uvumilivu huo unaweza kutokana na mapenzi, lakini kuvumilia si kufurahia, na watoto wafundishwe tofauti hiyo mapema.

Na ile sura ya hatia! Umerudi, takataka zimetapakaa, mbwa kainamisha kichwa, hakutazami. Unasema "anajua alichofanya". Mwaka 2009 Alexandra Horowitz alifanya jaribio ambapo wenye mbwa waliambiwa mbwa wamekula kitu walichokatazwa, wakati mwingine kwa uongo. Sura ya hatia ilitokea mbwa alipogombezwa, awe amekula au hajala, na ilikuwa kali zaidi kwa wale wasio na kosa. Kwa hiyo unachokiona ni mbwa anayekusoma wewe na kujaribu kukutuliza. Anakujua uso, anakujua sauti, anajua hatua zako zikiwa na hasira. Kukujua kiasi hicho nako kunatoka mahali fulani.

Nimebakiza maumivu, na hapa ndipo mimi huona mengi. Mnyama aliyeumia hujificha. Paka ataingia chini ya kabati, sungura ataacha kula tu na usigundue mpaka umechelewa. Kwa hiyo mnyama anapokuja mwenyewe akainua mguu wenye mwiba mbele yako, jueni ameshinda silika ya kale sana. Huwa namwomba mwenye mnyama asimame upande wa kichwa ninapofanya kazi. Si kwa sababu mkono wake una nguvu. Mara nyingi hana nguvu kabisa, yeye ndiye anayetetemeka. Ni kwamba mnyama anasukuma uso kwapani mwake, na mimi napata nafasi ya kuchoma sindano.

Imani hiyo ni ya zamani. Mwaka 1914 huko Oberkassel, karibu na Bonn nchini Ujerumani, lilifukuliwa kaburi la mwanamume na mwanamke lenye umri wa miaka kama 14,000, na pamoja nao mifupa ya mbwa. Uchunguzi wa meno ya mbwa huyo, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba alikuwa mdogo, miezi kama saba, na kwamba yumkini aliugua distempa, ugonjwa hatari wa virusi wa mbwa, vibaya kwa majuma kadhaa. Mbwa wa hali hiyo hapati chakula wala maji mwenyewe. Watafiti walihitimisha kwamba kuna mtu alimsafisha, akampa joto, akamlisha, mbwa ambaye wakati ule hakuwa na faida yoyote kwake ya kuwinda wala kulinda. Nikisikia mtu akisema kuhudumia mnyama mgonjwa ni anasa ya siku hizi, humkumbuka mtu yule.

Kasuku nitawagusia tu. Akiinamisha kichwa na kututumua manyoya ya kisogoni mbele ya kidole chako, anakuomba umkune mahali ambapo katika maisha ya porini angekunwa na mwenzi wake. Mkune hapo kichwani, na usimpapase mgongo, kwani ukifanya hivyo anaweza kukuchukua kuwa mwenzi kweli, na hapo tutakutana kwenye chumba changu cha matibabu.

Mtajuaje sasa kama mnyama wenu anataka kile mnachompa? Mshikeni kwa upole, sekunde tatu hivi, kisha ondoeni mkono na mtulie. Akisukuma kichwa kuufuata mkono, endeleeni. Akibaki kama alivyo, akageuza uso, akajilamba pua, mwacheni. Akiondoka, msimfuate. Mnyama aliyeruhusiwa kuondoka hurudi mara nyingi zaidi, na hili si la maabara, muulizeni yeyote aliyeishi na paka.

Naona mkono umeinuka. Ndiyo, dada… Anauliza kuhusu paka anayemletea panya aliyekufa kitandani, kama ile ni zawadi.

Swali zuri, na watu hubishana sana juu yake. Paka jike huwaletea watoto wake windo, kwanza likiwa limekufa, baadaye likiwa hai, ili wajifunze. Kwa hiyo wapo wanaosema paka anakuona wewe ni mtoto asiyejua kuwinda, na mimi nikitazama baadhi yenu siwezi kumlaumu. Maelezo ninayoyaona kuwa mepesi zaidi ni kwamba paka hupeleka windo mahali anapojisikia salama kuliko pote. Kwa paka wako, dada yangu, mahali hapo ni mto unaolalia. Usimpigie kelele. Mtoe panya kwa karatasi, nawa mikono kwa sabuni, hakikisha paka amepewa dawa ya minyoo, na usiku funga mlango wa chumba.