Kwanini Wakutubi Wanatengeneza Orodha: Mazungumzo na Waswahili wa Minnesota

Jamani tukae basi, walio nyuma sogeeni huku mbele. Mimi mkutubi, na wengi wenu mshanisikia nikiongea haya, kuna wengine nawaona washaanza kucheka wanajua naelekea wapi, sawa tu, ntarudia mpaka watu waache kuniuliza lile swali la kila mwezi wa sita zikitoka bendera za upinde wa mvua: eti dada, kwanini maktaba inawapangia watoto wetu vitabu vya mashoga?

Haiwapangii. Inatengeneza orodha ya vitabu hivyo, anayevitaka ajue pa kuanzia. Na orodha hiyo ina mwanzo wake, leo nataka nianzie huko.

Kulikuwa na mwanamke anaitwa Barbara Gittings. Hakuwa mkutubi, hilo mlishike, hakusomea ukutubi hata siku moja. Mwaka 1949 hivi yuko chuoni Northwestern, pale karibu na Chicago, na ameshaanza kujijua kwamba anapenda wanawake. Sa amuulize nani? Mama yake? Akaenda maktaba. Akapekua kila anachoweza kupekua, na alichokuta ni vitabu vya magonjwa ya akili, vitabu vya sheria, na kadi za katalogi, zile za kutafutia vitabu, zinazomwambia akatafute habari zake kwenye upotovu. Alishinda humo maktabani mpaka masomo yakamshinda, mwaka wa kwanza akafeli akarudi nyumbani. Na alichosoma chote kilikuwa kinaongelea watu ambao akiwatazama haoni hata mmoja anayefanana nae.

Sasa ruka mpaka 1970. Ndani ya ALA, kile chama kikubwa cha maktaba za Marekani, wakutubi kadhaa wakaunda kikundi cha mashoga, na mwaka uliofuata wakamkabidhi Gittings akiongoze, huyuhuyu asiye mkutubi. Kazi kubwa aliyoishika ni moja: orodha. Vitabu, vijitabu, makala, chochote kinachoongelea watu hawa bila kuwatukana. Toleo la kwanza, 1971, mnajua vilipatikana vingapi? 37. Nchi yote hii na mashine zake zote za kuchapa vitabu, 37! Na humo wamehesabu mpaka makala za magazeti. Kufika 1980 orodha ileile ilikuwa imepita 500.

Mwaka huohuo 1971 ALA inafanya mkutano wake Dallas, Texas, maelfu ya wakutubi, na kikundi kikapewa kibanda kama wanavyopewa watu wa kuuza mashelfu. Wakaandika juu yake Mkumbatie Shoga. Bure! Mwanamke kwa mwanamke, mwanaume kwa mwanaume, busu au kumbatio, karibuni. Watu wakajaa pale njia haipitiki, wanakodoa macho, kamera za televisheni zinamulika, na hakuna aliyeingia. Hata mmoja! Basi wenye kibanda wakaanza kukumbatiana wenyewe kwa wenyewe na huku wanagawa ile orodha. Jioni wakaonyeshwa kwenye taarifa ya habari ya Dallas, na baadhi ya wakutubi wakakasirika, eti mkutano una waandishi mashuhuri halafu kamera zote zimehamia kwa wale wa kibanda.

Nikisimulia hii watu hucheka, hata mimi nacheka, lakini nachotaka mkione ni ule umati. Wamejaa, wanataka kuona, na hawasogei. Nusu karne na ushee imepita na hivyo ndivyo watu walivyo mpaka leo kwenye tawi langu.

Niwape mfano. Orodha yetu tunaichapa kwenye kikaratasi cha kuwekea alama kitabu, kile chembamba kirefu. Ukikiweka kaunta, mbele ya macho yangu, wiki inaisha hakijapungua hata kimoja. Nikakihamishia ukutani karibu na choo, hapo kwenye kona ambapo hakuna anayekuona. Asubuhi naweka fungu zima, jioni limeisha! Nani kachukua? Sijui na sitaki kujua. Alafu kuna vitabu vyenyewe, kwenye kompyuta vinaonekana havijaazimwa mwaka mzima, ungesema tuvitoe, kumbe ukipanga rafu unavikuta vimejificha nyuma ya vitabu vya kodi na kurasa zimekunjwa pembe. Mtu anakuja, anasoma, anakificha asije mwingine akakitoa, anarudi kesho kuendelea alipoishia. Huyo hataniuliza milele. Hata nikitabasamu vipi. Hasa nikitabasamu na huu ushungi wangu, anaona kama mama yake mdogo amekaa pale kaunta, aniulize mimi? Orodha ni ya huyo.

Sasa najua kuna mtu hapa anasema moyoni, lakini ni kodi yangu. Ndugu yangu, kodi yako na yangu. Mimi Muislamu, nimezaliwa Tanga, na kodi yangu inanunua vitabu vya kuchoma nguruwe, rafu nzima, vina picha za rangi zinametameta, vingine nimevipanga kwa mikono yangu. Sijaandamana. Sijavila pia.

Na mwingine anasema, je mwanangu akikiokota? Mwanao ni wako bwana, mkalishe, msome nae, mkatalie kama unataka, hiyo haki hakuna mkutubi anayekunyang'anya. Ila wa jirani si wako. Kama kitabu kimekukera kweli iko fomu ya kuomba kipitiwe upya, inakuuliza kama umekisoma chote, na hapo ndo wengi wanairudishia fomu mezani.

Kwani mnadhani orodha inajaa tu? Ile kubwa ya watoto na vijana, ya Rainbow Book List inayotoka tangu 2008, inasomwa na kamati ya watu wanaojitolea, wanasoma mamia ya vitabu kwa mwaka, na kitabu kibovu hakipiti eti kwa sababu ndani yake kuna msichana anapenda msichana. Wanavikataa kweli.

Mnawajua wanaopinga ni wangapi? Gazeti la Washington Post lilikagua malalamiko ya vitabu mashuleni mwaka wa masomo 2021-22, yalizidi elfu moja, wakakuta watu 11 ndo wameandika asilimia 60. Kumi na mmoja! Timu ya mpira.

Na Jamestown kule Michigan, mji mdogo, maktaba yao inaitwa Patmos, ilikuwa na vitabu vya LGBTQ, yaani mashoga na wenzao, kama 90 katika vitu 67,000 hivi, wananchi wakapiga kura Agosti 2022 kuinyima kodi maktaba yote, Novemba wakainyima tena. Yaani mpaka pa watoto kusikilizia hadithi pafungwe kwa ajili ya vitabu 90. Novemba 2023 ndo wakaikubalia, baada ya kuona mlango unakaribia kufungwa kweli.

Kuna Sanford Berman nilitaka kumuelezea vizuri, muda ndo huu unanikimbia, kwa kifupi alikuwa mkutubi Chuo Kikuu cha Zambia pale Lusaka, wenzake Waafrika wakamwambia katalogi za Marekani zinatuita Kafirs na hilo ni tusi, yeye akaanza kukagua katalogi nzima, 1971 akatoa kitabu cha kulalamikia majina yote ya namna hiyo, mashoga waliowekwa upotovuni wamo. Baadae akaja kufanya kazi hapahapa kwetu Minnesota, kwenye maktaba za kaunti ya Hennepin. Kwa hiyo msiniambie haya mambo ni ya wazungu tu hayatuhusu.

Habari za haraka: ALA ilihesabu 2023 vitabu 4,240 tofauti vilivyotakiwa kuondolewa, ilikuwa haijawahi kuhesabu vingi hivyo. Jimbo la Illinois lina sheria tangu Januari 2024, maktaba ikiondoa vitabu kwa itikadi inaweza kukosa hela ya jimbo. Maktaba ya Brooklyn, New York, tangu 2022 wanatoa kadi ya bure ya vitabu vya mtandaoni kwa vijana wa miaka 13 mpaka 21 popote Marekani, hilo waambieni wapwa zenu walioko Texas. Na Carla Hayden, aliyekuwa mkuu wa Library of Congress, ile maktaba kuu ya Marekani, alifukuzwa Mei 2025, hilo nalo lina hadithi ndefu ila naonyeshwa saa hapa.

Haya maswali. Bi mkubwa pale nyuma umenyoosha mkono tangu nilipotaja nguruwe, uliza.