Sangara, Kuni na Bondo

Ndugu zangu, nimeombwa nizungumzie sayansi ya mifumo changamani, yaani mambo mengi yanayogusana hadi ukisukuma moja mengine yanatikisika, na wa nyuma nawaona wameshaanza kusinzia. Basi tuanze na samaki.

Sangara si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Akatulia miaka ishirini hivi, watu wakasema hana neno. Miaka ya 1980 akafumuka, na furu, visamaki vya mamia ya aina, wakaanza kutoweka.

Furu ulikuwa unamwanika juani, yameisha. Sangara ana mafuta, jua halimuwezi, anataka moshi. Moshi ni kuni, na kuni zilitoka vilimani. Kilima kikibaki kipara, mvua inasomba udongo na rutuba hadi ziwani, mwani unanawiri, maji yanakuwa mazito. Sasa, furu jike humjua dume wa aina yake kwa rangi. Ndani ya maji hayo rangi ataionea wapi? Aina zikachanganyika, na baadhi ya furu ndio waliokuwa wakila mwani. Umeona duara linavyojifunga? Wenyewe tunaita mrejesho. Hakuna bwana uvuvi aliyeandikiwa kwamba kazi yake inafika hadi kwenye miti ya mlimani.

Twende kwenye sheria. Iliwekwa kanuni ya kuvua sangara wa sentimita 50 hadi 85 tu: mdogo aachwe akue, mkubwa aachwe azae. Kwenye karatasi haina kasoro. Lakini mpasue sangara mkubwa uone: chini ya uti wa mgongo kuna bondo, mfuko wa hewa, mweupe, unateleza mkononi. Ukikaushwa unasafirishwa China, na kwa kilo unaishinda minofu kwa mbali. Bondo kubwa ndilo lenye bei. Yule mama mzazi tuliyetaka kumlinda, soko la mbali limempandisha thamani.

Na ziwa ni la watatu: Tanzania asilimia 51, Uganda 43, Kenya 6. Ukibana huku, nyavu zinahamia kule, au zinahamia kwenye dagaa.

Mimi ningeanzia kwenye BMU, vile vikundi vya wanajamii vya kusimamia uvuvi kwenye mialo, pale mitumbwi inapoteremsha samaki. Wapewe mzani, daftari na ruhusa ya kufunga eneo lao samaki wadogo wanapozidi kwenye mitumbwi, wakiwasiliana na wenzao wa ng'ambo, bila kungoja tangazo la wizara. Watakosea, ndiyo. Ila kosa la mwalo mmoja litaonekana msimu huohuo.

Naona mkono pale. Karibu, mama.