Kosa la Mwanafunzi Linasema Nini? Mhadhara kwa Walimu Kuhusu Kutahini Kemia ya Mwanzo

Walimu wenzangu, habari za asubuhi, na ahsanteni kwa kufika.

Kwa miaka mingi niliwatungia wanafunzi wangu swali hili: sawazisha mlinganyo N₂ + H₂ → NH₃. Mwanafunzi akiandika N₂ + 3H₂ → 2NH₃ nilimpa alama zake zote, nikageuza ukurasa. Siku moja nilimwita binti mmoja ambaye hakuwahi kukosa swali la aina hiyo, nikamwomba anichoree alichokiandika, kila atomu iwe kiduara. Alichora atomu mbili za nitrojeni zimeshikana. Kando yake akachora atomu sita za hidrojeni, zote zimeshikana kwenye mstari mmoja, badala ya jozi tatu zilizotengana. Nikamuuliza, ile 3 mbele ya H₂ ina maana gani? Akanijibu kwa utulivu kabisa: "Ni ya kusawazisha, Mwalimu."

Nilikuwa nimempa alama kamili kwa jambo ambalo hakulijua. Na hakunidanganya. Alinijibu nilichomuuliza, nami sikuwa nimemuuliza kemia.

Baadaye niligundua kwamba jambo hili lilikwisha kuandikwa. Mwaka 1985 mtafiti William Yarroch aliwahoji wanafunzi 14 wa sekondari waliojua kusawazisha milinganyo. Alipowataka waichore kwa chembe, takriban nusu yao walishindwa kuonyesha atomu zilivyoungana. Miaka miwili baadaye, 1987, Susan Nurrenbern na Miles Pickering waliwapa wanafunzi wa chuo maswali ya aina mbili kuhusu gesi. La kwanza lilikuwa hesabu ya kawaida: kanieneo, ujazo, halijoto, tafuta kinachokosekana. La pili lilikuwa picha: tangi la chuma limejaa gesi ya hidrojeni kwa nyuzi 20 za Selsiasi, vitone vinaonyesha molekuli. Halijoto ikishuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, vitone vitakaaje? Hesabu waliiweza vizuri zaidi kuliko picha. Wapo walioona molekuli zinajikusanya zikipoa, wakati hidrojeni huwa kimiminika kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri, mbali mno na hapo. Vitone vilipaswa kubaki vimetawanyika tangi zima, ila mwendo wao umepungua.

Alex Johnstone wa Chuo Kikuu cha Glasgow alilieleza hili vizuri mwaka 1991. Alisema kemia inaishi katika ngazi tatu: kinachoonekana kwa macho, chembe zisizoonekana, na alama tunazoandika. Mwalimu aliyezoea huruka kati ya ngazi hizo bila kujijua. Mwanafunzi mgeni huachwa njiani. Sasa chukua mtihani wako wa mwisho uhesabu ni maswali mangapi yamekaa kwenye ngazi ya alama peke yake. Mimi nilipohesabu ya kwangu nilikuta karibu yote.

Kwa hiyo hoja yangu leo ni moja. Swali zuri la kemia ya mwanzo ni lile ambalo mwanafunzi akilikosa, kosa lake linakuambia anachowaza. Kama kosa linakuambia tu kwamba amekosa, umetumia karatasi bure.

Niseme kwanza kuhusu lugha, kwa sababu sisi tunaofikiri kwa Kiswahili tuna mitego yetu, hata pale mtihani unapoandikwa kwa lugha nyingine.

Neno "kuyeyuka". Barafu inayeyuka. Chumvi nayo, tukiitia ndani ya maji, tunasema imeyeyuka. Kwenye mazungumzo hakuna tatizo, watu wanaelewana. Kwenye kemia hayo ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa. Barafu imegeuka kutoka yabisi kuwa kimiminika, na ni maji yale yale. Chumvi haikugeuka kuwa kimiminika, ioni zake, yaani chembe zenye chaji ya umeme, za sodiamu na kloridi zimeachana na kuzungukwa na molekuli za maji. Ili chumvi ya kawaida iyeyuke kweli unahitaji nyuzi 801. Tunalo neno "kumumunyika" kwa kazi hii, lakini mtoto hakukua nalo mdomoni, amelikuta kitabuni. Kwa hiyo anaandika "imemumunyika" huku kichwani anaona "imeyeyuka", na wewe msahihishaji unaona neno sahihi unatia tiki.

Neno "hewa" ni hivyo hivyo. Tumezoea kusema hewa ya oksijeni, hewa ya ukaa. Basi gesi yoyote inakuwa hewa. Muulize mwanafunzi mapovu ya maji yanayochemka yana nini ndani. Osborne na Cosgrove waliuliza swali hili kwa wanafunzi wa New Zealand, wakachapisha mwaka 1983: wako waliosema hewa, wako waliosema joto, wako waliosema oksijeni na hidrojeni. Jibu ni mvuke wa maji. Wale hawakuwa Waswahili, kwa hiyo sidai kwamba lugha yetu ndiyo chanzo cha kosa. Ninachosema ni kwamba lugha yetu inalificha kosa hilo vizuri zaidi.

Na hili ndilo linaloniuma kuliko yote: "asidi kali". Ukali upi? Tuna asidi ambayo molekuli zake zote huachia ioni ya hidrojeni zikiwa majini, na tuna asidi iliyojaa kwa wingi katika maji kidogo. Ya kwanza ni habari ya asili ya asidi yenyewe, ya pili ni habari ya kiasi tulichotia. Kwa Kiswahili cha kila siku zote mbili ni "kali". Chukua asidi hidrokloriki na asidi ya ethanoi, zote moli 0.1 kwa lita (moli ni kipimo cha idadi ya chembe). Ya kwanza pH yake, yaani kipimo cha uasidi ambacho namba ndogo ni uasidi zaidi, ni 1, ya pili ni karibu 2.9, kwa sababu molekuli moja tu hivi katika kila mia ndiyo iliyoachia ioni. Kiasi ni kile kile, ukali ni tofauti. Usimuulize mwanafunzi "eleza maana ya asidi kali", atakuandikia fasili aliyokariri. Mpe visanduku vinne vya picha: asidi nyingi iliyoachana yote, asidi nyingi iliyoachana kidogo, asidi chache iliyoachana yote, asidi chache iliyoachana kidogo. Mwambie achague kisanduku cha asidi dhaifu lakini iliyokolea. Hapo hana pa kujificha. Maneno ya swali lenyewe yatenganisheni pia: semeni "asidi imara" na "asidi iliyokolea", au chagueni mengine, mradi darasa zima lishike maneno mawili kwa mambo mawili kabla ya siku ya mtihani.

Sasa nije kwenye maswali ya kuchagua. Wengi wetu tunayadharau, tunasema mwanafunzi anabahatisha. Ni kweli, penye majibu manne anayebahatisha ana nafasi moja kati ya nne. Lakini udhaifu mkubwa uko kwenye vipotoshi, yaani yale majibu yasiyo sahihi. Tunatunga jibu sahihi kwa makini, kisha tunajaza vingine vitatu kwa haraka, namba zozote.

Tazameni tungamo la moli moja ya Ca(OH)₂. Jibu ni gramu 74: kalsiamu 40, oksijeni mbili 32, hidrojeni mbili 2. Mwanafunzi asiyejua kazi ya mabano atapata nini? Akiipuuza ile 2 kabisa atapata 40 + 16 + 1, yaani 57. Akidhani ile 2 ni ya hidrojeni peke yake kwa kuwa ndiyo iliyo jirani, atapata 58. Akizidisha kila kitu kwa mbili, kalsiamu ikiwemo, atapata 114. Basi vipotoshi vyako ni hivyo: 57, 58, 114. Mkisahihisha mkakuta wanafunzi 15 wamechagua 58, mnajua kesho mnafundisha nini, na ni dakika kumi tu za ubaoni. Mngeweka 60, 80 na 100 msingejua chochote.

Vipotoshi hivyo havitoki kichwani mwa mwalimu, vinatoka kwa wanafunzi. Mimi hutoa swali kwanza likiwa wazi, bila majibu ya kuchagua, nakusanya majibu yaliyokosewa, na hayo ndiyo huyageuza vipotoshi mwaka unaofuata.

David Treagust wa Australia alikwenda hatua moja mbele mwaka 1988, akaeleza jinsi ya kutunga maswali ya ngazi mbili. Ngazi ya kwanza mwanafunzi anachagua jibu, ya pili anachagua sababu. Gramu 5 za chumvi zimemumunyishwa katika gramu 100 za maji: tungamo la mmumunyo ni gramu ngapi? Wengi watasema 105. Kisha: kwa sababu gani? Hapo utamkuta aliyesema 105 kwa kuwa ameona namba mbili akazijumlisha, na utamkuta aliyesema 100 kwa kuwa "chumvi imekuwa maji". Huyu wa pili amerudi kule kule kwenye kuyeyuka. Alama itolewe pale ngazi zote mbili zikiwa sahihi.

Nilisema swali la kusawazisha lilinidanganya, hivyo niwape nililoliweka mahali pake. Nachora kisanduku chenye molekuli 6 za hidrojeni na 5 za oksijeni, nasema: zimemenyuka mpaka zikashindwa kuendelea, chora kilichobaki. Jibu ni molekuli 6 za maji na 2 za oksijeni. Mwanafunzi akichora 5 za maji na hidrojeni moja iliyobaki, amezioanisha moja kwa moja, haijui ile 2 ya mlinganyo 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Akichora maji 6 bila oksijeni, anaamini kila kilichoingia lazima kiishe. Haya unayaona kwa kutupa jicho tu, na kusahihisha karatasi moja hakuchukui hata nusu dakika. Swali lile lile kwa gramu na kikokotoo lingekupa ukurasa mzima wa hesabu, na usingejua kosa liko kwenye kemia au kwenye kugawanya.

Kuhusu kugawanya: tafadhali, mwanafunzi akikosea hatua ya kwanza kisha akaendelea vizuri na namba yake iliyokosewa, mpeni alama za hatua zilizobaki. Kumnyima ni kumtoza mara nne kwa kosa moja.

Baada ya mtihani kuna hesabu ndogo ambayo kila mwalimu anaiweza, ya kuona kama swali linawatenganisha wanaojua na wasiojua. Panga karatasi kutoka alama ya juu hadi ya chini. Chukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini, mgawo uliopendekezwa na Truman Kelley mwaka 1939. Kwa darasa la 40 ni 11 juu na 11 chini. Kama swali wamelipata 9 wa juu na 3 wa chini, tofauti ni 6, gawanya kwa 11, ni 0.55, swali linafanya kazi. Kama wamelipata 4 wa juu na 6 wa chini, lisomeni upya, tatizo liko kwenye swali. Mimi lilinipata swali hili: kumumunyika kwa chumvi ni badiliko la kimaumbile au la kikemikali? Mwongozo wangu ulisema la kimaumbile. Wanafunzi wangu bora waligawanyika, na walioandika "la kikemikali" walinieleza kwamba ioni zimeachana na zimeshikana na maji. Walikuwa wamefikiri kuliko mwongozo. Nililiondoa swali, nikawarudishia alama.

Mwisho, kuhusu wingi wa mitihani. Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006, kwa wanafunzi waliosoma vifungu vya maandishi, kwamba waliorudia kusoma walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Ndiyo maana mimi hutoa maswali mawili matatu mwanzoni mwa kipindi, bila alama ya kuandikwa popote. Bila alama, mwanafunzi yuko tayari kuandika anachowaza hasa.

Tunayo saa moja kabla ya mapumziko. Niliwaomba kila mmoja aje na mtihani wake wa muhula uliopita. Utoeni sasa. Chagueni swali moja la kuchagua, na kando ya kila kipotoshi andikeni kwa kalamu wazo ambalo lingempeleka mwanafunzi pale. Msipoliona wazo, kikateni hicho kipotoshi, kisha tutakitunga upya pamoja na jirani yako.