Anayejikwaa Ndiye Mhariri

(Mhadhara kwa walimu na wazazi, Tanga)

Mwenyekiti amewaomba mnisikilize kwa utulivu. Hakuwaambia kwamba haya nitakayosema wengi wenu mmeshayasikia kutoka kwangu: kwenye semina, kwenye vikao vya wazazi, na mara moja msibani, mpaka mwenye msiba akakasirika. Nitayasema tena. Nitaacha siku nitakayoingia darasa la pili lolote mkoani hapa nisimkute mtoto aliyeketishwa nyuma kabisa, karibu na dirisha, nikauliza kwa nini, nikajibiwa: "Huyo, mwalimu, ni kichwa kizito."

Disleksia, ile shida ya kusoma na kuandika aliyonayo mtoto mwenye akili timamu, sitaieleza kwa kirefu, vipeperushi mnavyo. Si ugonjwa wa macho, kwa hiyo msimpeleke mtoto kwenye miwani mkadhani mmemaliza. Uvivu haumo, wala mkono wa mama wa kambo. Ni namna ubongo unavyozishika sauti za lugha na kuziunganisha na herufi, na huenda kwa koo, baba kwa mwana. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la British Medical Journal habari za kijana wa miaka 14 aitwaye Percy. Kijana mwerevu, mchangamfu, michezoni hashindwi na wenzake. Jina lake mwenyewe aliliandika Precy, na hakuona kasoro mpaka alipoonyeshwa. Mwalimu wake alisema, kama masomo yote yangekuwa ya mdomo tu, huyu angekuwa hodari kuliko wote shuleni. Shikeni hapo: ya mdomo tu. Nitarudi hapo.

Sasa namwona mwalimu mmoja, yule wa shati la kijani, ameshakunja uso. Anataka kusema: "Hayo ni matatizo ya Waingereza na kile Kiingereza chao. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa. Ba, be, bi, bo, bu, basi." Nimelisikia hilo tangu sijaota mvi. Haya, Waitaliano nao lugha yao inasomwa karibu kama ilivyoandikwa. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Eraldo Paulesu walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuwalinganisha Waitaliano, Wafaransa na Waingereza wenye disleksia. Waitaliano walisoma kwa usahihi zaidi kuliko wale wengine, lakini wote walipopigwa picha za ubongo wakiwa wanasoma, upungufu ulionekana mahali pale pale. Lugha ikiwa nyepesi kusomeka, tatizo halitoki, linajificha. Mtoto anapatia kila silabi, ila anakwenda polepole mno, na akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzoni ilikuwa inamsema nani.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Chukueni "hawakutuandikia". Silabi nane. Anayesoma silabi moja moja, akifika kwenye "kia", ile "ha" ya mwanzo imeshamtoka kichwani. Na "ha" ndiyo iliyobeba habari yote! Bila hiyo mtoto anaelewa kwamba barua ililetwa. Halafu mnamuuliza swali la ufahamu, anakosa, mnasema haelewi. Ataelewaje, wakati nusu ya neno imebaki njiani?

Na nyie mnaosomesha darasa zima kwa pamoja kama kwaya, nina neno nanyi pia. Kwenye kwaya hakuna anayeonekana hajui. Nimewahi kumkuta mtoto "akisoma" ukurasa mzima kwa sauti safi, kitabu kimegeuzwa juu chini. Kakariri chote! Kichwa kinachokariri kitabu kizima mnakiitaje kizito?

Basi niingie nyumbani kwangu, maana huko ndiko ninakosema nikiwa na ushahidi. Mume wangu ni fundi seremala. Yuko pale nyuma, amekataa kusimama. Kabati lililoko sebuleni kwetu alilitengeneza bila kuandika kipimo hata kimoja. Lakini kusoma, ukurasa mmoja ni kazi ya jioni nzima. Barua zake za uchumba ziliandikwa na rafiki yake, nami nikaupenda mwandiko wa mtu mwingine. Msicheke, kuna mabinti humu wanapendwa kwa meseji za kunakili.

Mtoto wetu wa pili akamfuata baba yake. Leo anachora mabango: vinyozi, migahawa, maduka ya dawa. Ndiyo, mtu anayetaabika kusoma anakula kwa herufi. Mteja anamletea maneno kwenye karatasi, naye anazichora kama picha, herufi moja baada ya nyingine, na bango lake halina kosa, ila kama kosa amelileta mteja. Binti yake sasa yuko darasa la nne, naye ni wa ukoo huo huo. Vizazi vitatu katika nyumba ya mwalimu! Mungu ana utani wake.

Vitabu vyetu, tunavyovitunga wenyewe nyumbani, vilianza umeme ulipokatika. Babu alikuwa anasimulia habari za mbuzi aliyepanda kivuko cha Pangani kwenda Bweni bila nauli. Mjukuu akataka isimuliwe tena, na tena, na ole wake babu abadilishe neno. Nikasema basi niandike, tuwe na kitabu chetu. Nikaandika, kama mwalimu anavyoandika. Sentensi ya kwanza ilikuwa hivi: "Alipokuwa akikikaribia kivuko, mbuzi huyo alistaajabu kuuona umati wa watu waliokuwa wakisubiri kuvushwa."

Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi. Ilikuwa sahihi siku ile na ni sahihi mpaka leo, asitokee mtu kunisahihisha. Mjukuu akaishika karatasi. "Alipokuwa aki... akika... akikiki..." Akaiweka chini, akaniambia: "Bibi, babu hakusema hivi."

Babu naye, bila huruma: "Sikusema hivyo. Nilisema, mbuzi akafika Pangani. Watu tele."

Mbuzi akafika Pangani. Watu tele. Sasa nawauliza nyie wenye shahada: sentensi ipi ya mwandishi? Ya kwangu ina mbuzi anayestaajabu kama mkaguzi wa shule. Ya babu ina mbuzi, ina mji, ina watu, na mtoto ameshaingia kwenye kivuko. Aliyeitoa hawezi kusoma gazeti. Amekaa miaka yote akiitunga hadithi kwa sikio, na kwa sikio sentensi isiyopumua haikubaliki, kwa sababu msimuliaji mwenyewe anaishiwa pumzi.

Tangu hapo kazi imegawanyika hivi. Babu anasema. Mimi nashika kalamu, na naandika linalosemwa, siyo ninalolitaka. Baba wa mtoto anachora. Na mhariri ni mjukuu. Ana penseli nyekundu. Anasoma kwa sauti, na kila anapojikwaa anaweka nukta. Haelezi kwa nini na haulizwi kwa nini. Nukta ikiwekwa, sentensi inavunjwa upya mpaka ipite. Na vijitabu vyetu, vilivyoshonwa kwa uzi, vinaazimwa mtaani mpaka vinachanika, na watoto wanaovisoma wengi hawana shida yoyote ya kusoma. Wanavipenda tu.

Mnaona ninachokitaka? Mtoto anayesoma kwa shida mnamchukulia kuwa wa mwisho kupokea kitabu, ikibaki nakala. Mimi nataka awe wa kwanza kukisoma, kabla hakijachapwa, na nataka mwandishi akae mbele yake amsikilize akijikwaa.

Msidhani ni wazimu wa bibi mmoja wa Tanga. Mwaka 1998 huko Edinburgh, Patience Thomson, aliyekuwa mkuu wa shule ya watoto wenye disleksia, alianzisha kampuni ya vitabu ya Barrington Stoke pamoja na mke wa mwanawe, Lucy Juckes. Mama mkwe na mkaza mwana, meza moja, biashara moja! Hilo peke yake kwa hapa kwetu lingetoka gazetini. Wao wamewapelekea watoto wanaosoma kwa shida miswada ya waandishi wakubwa, ili waonyeshe panapowakwamisha, ndipo kitabu kichapwe. Na Marekani, mwigizaji Henry Winkler alijijua ana disleksia akiwa na miaka 31, pale mtoto wa mke wake alipokuwa anapimwa. Tangu 2003 ametoa vitabu vingi vya watoto pamoja na Lin Oliver. Kazi yake ni kusema, ya mwenzake ni kuandika kwenye kompyuta. Mnamkumbuka Percy? Ya mdomo tu.

Kuna bwana mmoja wa fasihi huwa ananifuata baada ya mihadhara hii. Leo hayupo, nitamjibu hivyo hivyo. Anasema ninakishusha Kiswahili hadhi, ninawalisha watoto uji. Nami humuuliza: nitajie methali moja yenye neno la silabi nane. Haba na haba hujaza kibaba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wazee hawakuwa na uhaba wa maneno marefu, walijua tu kinachokaa kichwani. Maneno makubwa yatakuja, na mtoto aliyekwisha kukipenda kitabu atayafuata mwenyewe.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na sehemu nzima kuhusu mitihani, naiacha, ingenipandisha presha bure.

Upande wa uchapaji, haraka haraka. Msikate neno mwishoni mwa mstari, "wa" huku na "napokula" kule. Huo ni ukatili. Mistari ianze sawa kushoto, kulia iishie inapoishia. Achieni nafasi kati ya herufi: mwaka 2012 Marco Zorzi na wenzake walionyesha kwamba watoto wenye disleksia wa Italia na Ufaransa walisoma vizuri zaidi herufi zilipoachanishwa kidogo, papo hapo, bila mafunzo yoyote. Ila akija kijana wa kompyuta kuwauzia herufi za ajabu zinazotibu disleksia, mwambieni utafiti bado haujamuunga mkono, na pesa zenu mzirudishe mfukoni. "Ng'ombe" na "ngoma" zisikae ukurasa mmoja kwenye kitabu cha kwanza. Zitenganisheni, kila moja na hadithi yake.

Mtaniuliza fedha ya kuchapa itatoka wapi. Anzeni na uzi na sindano. Mwenye simu aingie kwenye tovuti ya African Storybook, kuna hadithi za bure kwa Kiswahili na lugha nyingi za Afrika, na unaruhusiwa kutunga yako kwa picha zao. Mengine tutaongea chai ikija.

Pale mlangoni kuna karatasi zilizokunjwa kurasa nane, za kuandikia kijitabu chenu. Kila mmoja achukue moja tu, walimu wa sekondari nawajua. Mtakazoniletea mwezi ujao sitaki kuziona zimeandikwa na mwalimu peke yake. Nitatafuta nukta nyekundu kwanza. Isiyo na nukta hata moja nairudisha bila kuisoma.