Demio ya dizeli: tuikague pamoja kabla hujatoa hela

Asalaam aleikum ndugu zangu, karibuni tena Ngamiani. Leo tuna Mazda Demio ya dizeli hapa mlangoni, ya mwaka 2015, na mwalimu wangu huyu anataka kuinunua. Mwalimu hataki sura yake ionekane, kwa hiyo Dogo, kamera ibaki kwenye gari. Yule mwenye kofia ni dalali. Yeye hana shida na kamera, mpungie mkono kaka.

Nitaikagua ugonjwa kwa ugonjwa, na kila ugonjwa nitautajia bei. Bei ni zangu, za hapa Tanga, spea nyingi ni mtumba wa Japani. Na mnajua mie nauza oili na filta, sifichi, ila gari hii naipenda toka moyoni. Injini ya cc 1,498, nguvu yake ukiikanyaga kupandisha Mombo kwenda Lushoto, utacheka peke yako.

Tairi, taa, mikanda, vioo, hayo mnayajua, sipotezi bando lenu. Moja tu: kama gari imelala miaka Raskazone au sehemu yoyote karibu na bahari, piga magoti uchungulie chini. Tazama egzosi na paipu za breki. Chumvi haina adabu. Hii ya leo chini iko safi, mashaallah.

Haya, kwanza hakikisha kweli ni dizeli. Msicheke. Demio ya petroli na ya dizeli ukiziweka pamoja zinafanana, na zote zimejaa mjini hapa. Tazama namba ya chesisi: DJ5 ni dizeli, DJ3 ni petroli ya cc 1,300. Sasa kijana wa sheli yeye hasomi chesisi, anaona Demio anachomeka bomba la petroli. Ikikutokea, usiwashe. Usifungue hata swichi, maana ukifungua tu mafuta yanaweza kuanza kusukumwa. Isukumeni kando, tangi limwagwe. Pampu ya presha inalainishwa na dizeli yenyewe, ikinywa petroli inajisaga, vyuma vinaingia kwenye nozeli zote 4. Nozeli moja ya mtumba kwangu ni laki tatu na nusu. Zidisha mwenyewe. Kwa hiyo muulize muuzaji kama imewahi kuwekewa petroli, halafu mtazame usoni.

Pili, injini inatakiwa iwe ya baridi. Weka mkono juu ya boneti... Kaka, mbona ya moto? Ameitembeza kuja hapa. Sawa, hawezi kuibeba kichwani. Ila mwalimu, kesho alfajiri uende kwa mwenye gari bila kupiga simu, uiwashe mwenyewe. Usikilize inavyowaka. Ikisumbua, ikatoa moshi na kutetemeka kabla haijatulia, inaweza kuwa plagi za kupashia au nozeli. Na sikiliza sauti ya chu, chu, chu juu ya injini, hasa ikiwa baridi: hapo washa, ile ringi bapa ya shaba chini ya nozeli, inavujisha, na utaona lami nyeusi imeganda pembeni yake. Washa yenyewe ni bei ya chai. Kazi ya kuing'oa nozeli iliyoganda ndiyo ghali, naanzia laki moja kwa nozeli, na siahidi kwamba haitakatika.

Subirini bajaji ipite. Imepita? Haya.

Tatu, stiki ya oili. Hapa naomba mtulie, maana ndiyo gari yenyewe. Gari iwe sehemu tambarare, uzime, usubiri dakika 5. Chomoa, futa, rudisha, chomoa tena. Stiki ya Mazda hii ina alama ya chini, alama ya juu, halafu juu kabisa ina alama ya X. Dogo, sogea. Sogea bwana, hatukuoni wewe, tunaona stiki. Mnaiona oili ilipo?

Kaka, njoo uone na wewe.

Oili imepita alama ya juu, inaelekea X. Dalali anasema fundi alijaza nyingi. Inawezekana. Nipe kidole... nusa mwalimu. Unasikia nini? Dizeli. Kwa hiyo fundi hana kosa, oili imejizidisha yenyewe.

Inakuwaje oili iongezeke? Gari hii kwenye egzosi ina chujio la masizi, DPF, mafundi wetu wanaiita masega ya dizeli. Masizi yanajaa humo, na yakifika kiwango, kompyuta inaamua kuyachoma. Inamwaga dizeli ya ziada kwenye silinda kwa kuchelewa, isiungue pale, iende kuungulia kwenye egzosi, joto lipande mpaka nyuzi kama 600. Masizi yanakwisha. Lakini dizeli hiyo nyingine inashuka na kuta za silinda, inaingia kwenye oili. Kidogo kidogo, kila ikichoma. Ndiyo maana ya ile X: oili ikifika pale, unaimwaga yote, hata kama uliibadilisha mwezi uliopita. Oili yenye dizeli ni nyepesi, hailainishi, na hapo ndipo tabo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, inapoanza kulia na cheni ya taimingi inapolegea. Tabo ya mtumba laki tisa. Cheni usiniulize, maana hapo tunafungua injini.

Na ubaya wa mji wetu ndio huu. Tanga tambarare na ni fupi. Mtu anaishi Chumbageni, ofisi iko mjini, anatoka nyumbani, dakika 7 kafika, kazima. Kompyuta ndiyo kwanza imeanza kuchoma masizi, amezima! Kesho inaanza tena, anazima tena. Dizeli inazidi kuingia kwenye oili na masizi yako palepale. Gari imetunzwa, inaoshwa kila Ijumaa, haijawahi kupita Kange kutoka nje ya mji, na ndiyo mbovu kuliko ya mpeleka machungwa wa Muheza. Mkisikia dalali anasema ilikuwa ya mama mmoja wa benki, anaitumia kwenda kazini tu, kwenye petroli hiyo ni sifa. Kwenye dizeli, kunja uso.

Oili na filta naweka kwa laki moja na themanini, oili ya DL-1, ile yenye majivu machache. Kwa nini DL-1? Masizi yanaungua, majivu hayaungui. Oili ya kawaida ya lori ina majivu mengi, yakiingia kwenye DPF yanakaa humo moja kwa moja. Unaokoa elfu hamsini kwenye oili, unaenda kulipa laki nne kuiosha DPF. Na ikishindikana kuosha, ya mtumba kwangu haishuki milioni moja na laki mbili.

Sasa nne, masizi upande wa kuingizia hewa. Nataka tuchungulie bila kufungua nusu ya gari. Kwenye manifoldi, paipu zinazogawa hewa kwa silinda, kuna sensa ndogo ya presha, hii hapa, imeshikwa na boliti moja. Tunaitoa hiyo tu, tunamulika.

Lakini kabla hujagusa: klipu ya waya. Hii plastiki imekaa kwenye moto miaka 10, imekuwa kavu. Bonyeza kiulimi mpaka chini, ndipo uvute, na uvute kwenye plastiki, usivute waya. Narudia, usivute waya. Msiniulize nimejuaje. Klipu ikikatika, sensa inacheza, gari inakosa nguvu kila ukiingia rasta, na utazunguka mafundi wote wa Barabara ya 12 wanakuuzia pampu.

Nimebonyeza... imegoma. Sivuti. Napulizia hewa kwanza, vumbi litoke. Bonyeza tena. Umesikia? Kach. Hiyo ndiyo sauti, bila sauti hiyo usivute. Boliti naifungua, nusu ya mwisho namalizia kwa vidole, na chini nimeweka kitambaa maana ikidondoka inaingia kwenye kinga ya chini ya injini. Sensa natoa kwa kuizungusha polepole. Dogo, tochi. Tochi ya simu nyingine, siyo hiyo unayorekodia!

Mnaona tundu? Nyeusi tii, imeshikana kama chungu cha pilau ya shughuli iliyopikiwa kuni. Lakini njia bado ipo, naiona ng'ambo. Hii siyo mbaya kwa umri wake. Nimewahi kuona tundu limebaki kupitisha kalamu tu. Masizi haya yanatoka kwenye EGR, moshi unaorudishwa kuungua tena, unakutana na mvuke wa oili, unaganda. Kufungua, kusafisha manifoldi na EGR na kurudisha ni laki tatu na nusu, gari unaiacha siku nzima.

Kuna video zinaonyesha mtu anapulizia dawa kwenye njia ya hewa huku injini inaunguruma. Kwenye dizeli usifanye. Dizeli haina plagi ya moto, chochote kinachowaka kikiingia inaunguza, injini inaweza kukimbia yenyewe hata ukizima swichi. Fungua, safisha kwa mkono, funga. Sensa unaisafisha kwa dawa, siyo kwa bisibisi. Kurudisha, klipu tena: kach. Bila kach hujamaliza.

Tano, mashine ya kupimia, inasoma makosa kwenye kompyuta ya gari. Hii yangu ndogo inaunganishwa na simu. Dalali amesema taa ya DPF haijawahi kuwaka. Nasoma... hakuna kosa. Safi kabisa. Mwalimu anatabasamu. Usitabasamu bado. Watu wengi wanaishia hapa. Shuka chini kwenye orodha, kuna mstari unaosema gari imetembea umbali gani tangu makosa yafutwe. Dogo, leta kamera karibu.

Kilomita 4.

Kaka, kutoka kwa mwenye gari mpaka hapa ni kilomita ngapi? ... Anasema hajui, yeye ameletewa gari tu. Basi tumuache, ni kijana mwema. Ila makosa yamefutwa asubuhi ya leo, na aliyefuta alikuwa anajua anachofuta. Namba ya kosa ninayoitegemea kurudi ni P2463, masizi kuzidi kwenye DPF.

Sasa tuipe nafasi yake barabarani. Nimefunga stiki, tunaelekea Pongwe. Hapa ndani sitasema mengi, simu inatetemeka. Shokapu za mbele zinagonga, mnasikia kwenye tuta? Mbili kwa laki mbili na ishirini. Inazima yenyewe kwenye taa na kuwaka? Haizimi. Hiyo i-stop kukataa inaweza kuwa betri imechoka, na betri yake ni ya aina maalumu kwa gari za kujizima, laki tatu na nusu, usifunge ya kawaida. Au inaweza kuwa sasa hivi inachoma masizi, maana ikichoma haijizimi. Tazama, matumizi ya mafuta yamepanda ghafla na mie mguu sijauongeza. Inachoma! Alhamdulillahi, basi hatusimami, tunapita Pongwe, twende zetu Muheza.

Hii ndiyo tiba ya bure. Taa ya DPF ikiwaka bila kupepesa, injini ikishapata joto, endesha zaidi ya kilomita 20 kwa saa, dakika 15 mpaka 20, bila kuzima. Ikipepesa, usijitibu, njoo gereji. Na fundi akikwambia tutoboe masega tuyatupe, mshukuru, uondoke. Kompyuta haijui kama yametupwa, inaweza kuendelea kumwaga dizeli kuchoma kitu ambacho hakipo, na oili yako inapanda vilevile. Juu yake moshi mweusi mpaka kwa jirani.

Dalali nyuma anasema inakwenda kilomita 30 kwa lita. Kaka, hiyo ni ya kitabu cha Japani, tena ya gia ya mkono. Ya otomatiki kitabu chenyewe kimeandika 26.4. Barabarani kwetu toa tena.

Tumerudi. Matumizi yameshuka, i-stop imezima yenyewe pale Nguvumali, maana yake DPF imepumua na betri nayo nzima. Namba haijarudi. Kwa hiyo chujio halijafa, limenyimwa safari tu. Hesabu ya mwalimu: oili leo hii laki na themanini, manifoldi laki tatu na nusu, shokapu laki mbili na ishirini. Laki saba na nusu, toa kwenye bei anayotaja. Akikataa kushuka, Demio zipo. Akikubali, kesho alfajiri ile injini ya baridi bado inabaki, usilipe kabla ya hapo. Na ukishainunua, mwalimu, wewe unakaa Sahare, shule iko Sahare. Nenda kwa mguu, gari ya kwenda Korogwe kwa mama mkwe kila wiki mbili.

Oili ya DL-1 ninayo dukani, na filta zake. Walioko Pangani, Handeni na Lushoto, lipeni kabla ya saa 6 mchana, mzigo unapanda basi pale Kange siku hiyohiyo. Nauli ya mzigo ni juu yako.