Mistari ya kijani kwenye kioo cha Maalim

MAALIM: Assalaam alaikum. Tumekaa ghorofani hapa Mlandege, madirisha wazi kwa sababu ya joto, kwa hiyo mkisikia honi za daladala mtusamehe. Niko na Fundi kama kawaida.

FUNDI: Waalaikum salaam. Shikamoo, Maalim.

MAALIM: Marahaba mwanangu. Leo mgonjwa ni mimi.

FUNDI: Wewe au kompyuta?

MAALIM: Nani kakwambia kuna tofauti? Nina harusi ya kuhariri, picha za kamera tatu, na bi harusi anataka video yake kabla hajarudi Oman. Siku ya kwanza naona viboksi vidogo vya zambarau kwenye shela lake. Nikadhani kamera. Nikaifungua faili ile ile kwenye simu, naona afadhali kidogo. Siku ya pili mistari ya kijani, imesimama wima kioo kizima. Siku ya tatu nikianza tu kutoa video, kioo kinazima kabisa.

FUNDI: Na kompyuta nayo inazima?

MAALIM: Hapana. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Kioo cheusi tititi, lakini taarabu ya harusi inaendelea kupiga kwenye spika.

FUNDI: Wasikilizaji, hilo lishikeni. Kompyuta ikizima yote au ikijiwasha upya wakati wa kazi nzito, mimi naanza kuitilia shaka pawa saplai, lile boksi linaloigawia umeme. Kioo kikifa na sauti ikaendelea, naiangalia kwanza kadi ya grafiki, kile kipande kinachochora picha za kwenye kioo. Si sheria, lakini inanipunguzia safari. Wewe ulifanya nini?

MAALIM: Niliifuta draiva, ile programu inayoiendesha kadi, nikapakua mpya. Bando la wiki nzima likaenda hapo.

FUNDI: (anacheka) Ungenipigia simu ningekuuliza suali moja tu. Ukiiwasha, kabla Windows haijaamka, pale inapotoka ile nembo ya kampuni, mistari ipo au haipo?

MAALIM: Ipo.

FUNDI: Basi draiva unaionea bure. Pale bado haijapakiwa. Kama mistari ingekuja baada ya Windows kuamka tu, ningesema haya, tujaribu draiva. Lakini mistari kwenye nembo ni ugonjwa wa vyuma.

MAALIM: Ndipo nikakubebea.

FUNDI: Ukaniletea kasha peke yake bila ya kioo chako wala waya wako! Nikakurudisha, samahani sana. Kioo na waya navyo vinaharibika, na ni rahisi kuvipima. Chomeka kwenye televisheni ya nyumbani kwa waya mwengine, ukiona mistari ile ile, umeshawatoa washukiwa wawili bila kufungua skrubu hata moja.

MAALIM: Nikaiona kwenye televisheni. Mama watoto akanambia nimeiharibu na hiyo.

FUNDI: Halafu tukaing'oa kadi, tukachomeka waya wa kioo kwenye madabodi, lile bao kuu la kompyuta. Hapa watu wanakosea mara mbili. Kwanza, si kila prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta, ina grafiki yake ya ndani. Zile za Intel zenye herufi F mwisho wa jina hazina, kwa hiyo kioo kitabaki cheusi na utadhani madabodi imekufa. Pili, kompyuta nyingi zikiona kadi kwenye sloti zinaifunga ile njia ya madabodi. Itoe kadi nje kabisa, ndio ujaribu. Ya Maalim ilivyowaka bila kadi, picha safi kama maji.

MAALIM: Basi pale mimi nilikuwa nishaingia mtandaoni kutafuta kadi mpya.

FUNDI: Mimi bado. Nilitaka kujua imeuliwa na nini, maana ukiweka mpya juu ya sababu ile ile, utairudia safari. Nikaiweka mezani. Bwana wee! Vumbi limeingia katikati ya yale mapezi ya alumini, likanywa unyevu, likashikana kama ukoko wa wali. Feni nikaisukuma kwa kidole, ikaenda nusu mzunguko, ikasimama. Maalim anakaa Funguni, bahari ile pale, na kompyuta iko chini ya dirisha. Kaskazi ikivuma anapata upepo mzuri yeye, chumvi inaipata kadi.

MAALIM: Usinitangazie ninapokaa.

FUNDI: Kadi yake ile ni GTX 1050 Ti, na NVIDIA wenyewe, wenye chipu yake, wameiwekea kikomo cha joto cha nyuzi 97. Kabla sijaifungua nilikuwa nimeipima kwa programu, ikifanya kazi ya video ilifika 94 na bado inapanda. Na pale chini, kwenye yale meno ya dhahabu yanayoingia kwenye sloti, palikuwa na vidoa vya kijani. Dhahabu ile ni ngozi nyembamba tu. Ikichubuka, shaba ya chini yake inashika kutu.

MAALIM: Akachukua raba ya mwanangu ya skuli.

FUNDI: Raba nyeupe, laini, sugua taratibu upande mmoja, kisha spiriti ya kusafishia, ile ya asilimia 90 na kuendelea. Ukikosa, hata ya 70 inafaa, ila ina maji, iwache ikauke kweli kweli. Tukasafisha, tukaweka pesti mpya ya joto, tukaitia mafuta feni. Ikawaka bila mstari hata mmoja, na mimi nikamwambia Maalim imepona.

MAALIM: Siku sita.

FUNDI: Siku sita, na kosa ni langu. Nilifurahi mapema. Ilitakiwa niibane na kazi nzito saa mbili tatu kabla ya kuirudisha. Meno yalikuwa machafu, kweli, lakini joto lilikuwa limeshaila kadi kwa ndani. Mistari wima na viboksi vya namna ile mara nyingi ni vile vichipu vya kumbukumbu vya kadi yenyewe. Vile huvisafishi kwa raba.

MAALIM: Ikarudi na mistari, na Windows ikaweka ile pembetatu ya manjano, ikaandika kodi 43, yaani namba ya kosa.

FUNDI: Kodi 43 maana yake Windows imeisimamisha kadi kwa sababu kadi imeripoti tatizo. Peke yake haisemi mengi, hata draiva mbovu inaweza kuileta. Ikija juu ya mistari ya kwenye nembo, basi, inna lillahi.

MAALIM: Kijana mmoja mtaani akanambia niiweke kwenye joko.

FUNDI: Ati! Wapo wanaofanya, wanaoka kadi kama mkate wa mofa. Zipo zinazofufuka kwa siku chache, kwa sababu joto linasukuma viungo vilivyoachana kwenye chipu. Kisha zinakufa tena. Na ule moshi wa plastiki ubaki kwenye joko unalopikia watoto? Hasha.

MAALIM: Tukaja kwenye kununua. Hapo nikakosea peke yangu.

FUNDI: Simulia mwenyewe.

MAALIM: Nilimwagizia mdogo wangu Dar. Akaja na boti, kafurahi, kabeba kadi ya RX 580, ndefu kama sinia la biriani. Nikafungua kasha langu, lile jembamba la ofisini la mtumba. Haiingii hata kwa dua.

FUNDI: Na ingeingia isingewaka. Pawa saplai yako imeandikwa wati 240 ubavuni. Ile kadi peke yake inakula wati 185, na inataka waya wa pini nane ambao kwako haupo. Sloti ya madabodi inatoa wati 75, haizidi. Waya wa pini sita unaongeza 75, wa pini nane 150. Wakakupa na kiungio cha kutolea umeme kwenye waya wa SATA, ule wa kulishia diski, sivyo?

MAALIM: Cha bure, wakasema.

FUNDI: Cha bure cha kuunguza nyumba. Ule mdomo wa SATA kwenye volti 12 unahimili wati 54 tu. Nimeshaona zilizoyeyuka zikawa kama ubani.

MAALIM: Kwa hiyo tukatafuta kadi fupi isiyotaka waya.

FUNDI: Zilikuwepo mbili pale Darajani. GT 1030, wati 30, nafuu, haipigi kelele. Kwa kuandika barua na kutizama mpira ningekwambia chukua. Lakini haina ile sehemu ya kusimba video, yaani kuibana iwe faili, kazi yote inarudi kwa prosesa. Kwa mtu wa harusi ni kununua jina. Ukichukua, angalia na kumbukumbu yake, kwa sababu ipo ya GDDR5 na ipo ya DDR4, jina moja, kasi mbali mbali. Tukachukua GTX 1650 fupi, ya wati 75, isiyo na tundu la waya. Nikapima urefu, nikapima na unene, maana ile inakalia nafasi ya sloti mbili.

MAALIM: Na ukamuomba muuzaji aiwashe mbele yetu. Niliona haya.

FUNDI: Haya ya nini, pesa ni zako. Zipo kadi za zamani zilizobadilishwa bayosi, ile programu ya ndani inayoitambulisha kadi, zijiite mpya. Programu ya GPU-Z inazitambua nyingi, inaziandika kuwa bandia. Na tangu Septemba 2022, Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni, ilipoacha kuchimbwa kwa kadi, soko la mitumba liliingia kadi nyingi zilizokesha zikiichimba. Mimi sizikatai zote, ila feni lazima niisikilize.

MAALIM: Na umeme? Nilikuwa na hakika ni umeme ulioiua.

FUNDI: Kila mtu aliyeishi Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010, ile miezi mitatu ya giza na majenereta, mpaka leo kila kitu kikifa anasema umeme. Nilipima njia ya volti 12 chini ya kazi nzito, ikasoma 11.9. Inatakiwa isishuke chini ya 11.4. Pawa saplai yako nzima. Stebilaiza weka, sikukatazi.

MAALIM: Kadi nikaivalisha mwenyewe nyumbani.

FUNDI: Nilikwambia nini?

MAALIM: Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia umeme uliobaki utoke, shika chuma cha kasha. Kile kishikizo mwisho wa sloti kikandamize usikivunje. Sukuma mpaka isikike "tak". Kaza skrubu. Nikafanya yote, nikawasha, kioo cheusi. Moyo ukaniruka, nikakupigia.

FUNDI: Saa tano za usiku! Nikamuuliza, Maalim, waya wa kioo umechomeka wapi?

MAALIM: Kwenye madabodi. Niliuwacha pale pale tangu siku ile ya majaribio.

FUNDI: Nikakata simu nikalala.

MAALIM: Video nimeituma. Jana bi harusi kanipigia kutoka Maskati, ananambia nzuri sana Maalim, lakini kile kidoa cha zambarau kwenye shela bado kipo.

FUNDI: Haiwezekani. Kadi nimeipima masaa manne.

MAALIM: Nikarudi kwenye faili, nikavuta picha karibu. Pembeni yake kakaa mtoto wa wifi yake, mkononi ana kikapu.

FUNDI: Cha nini?

MAALIM: Cha zambarau.