Damu Safi, Kifuko Bado Kipo

Wazee wangu, shikamooni. Wauguzi na wanafunzi, poleni na kazi. Nimeombwa nizungumzie vipimo vya damu kwa mtu aliyekutwa na kifuko cha maji kwenye kongosho. Nitaanza na mjomba wangu wa Newala, maana ndiye aliyenirudisha kwenye vitabu.

Mjomba alikwenda Dar es Salaam kwa shida ya figo. Picha ya CT scan ikaonyesha kifuko cha sentimita mbili kwenye kongosho, kiungo kilicholala nyuma ya tumbo la chakula. Hakikuwa kimemuuma hata siku moja. Vingi huonekana hivyohivyo, mtu akitafutiwa ugonjwa mwingine, na vilivyo vingi haviishii kwenye saratani. Wakampima damu, kipimo kinachoitwa CA 19-9, majibu yakawa chini ya 37. Nyumbani tukasoma dua, tukanywa chai. Kliniki hakurudi tena, na mimi mpwa wake, daktari, sikumhimiza. Namba ile ilinituliza na mimi.

Hapo ndipo nilipokosea. CA 19-9 ni aina ya sukari inayokaa juu ya seli, na seli za saratani ya kongosho huimwaga kwa wingi kwenye damu. Kikomo kinachotumika ni uniti 37 kwa mililita. Lakini mwili hauwezi kuitengeneza bila kimeng'enya kitokanacho na jeni ya Lewis. Asiyekuwa nacho anaweza kuwa na saratani na namba yake ikabaki chini kabisa. Kwa Wazungu watu hao ni kama 6 katika 100. Kwa Wamarekani weusi, vitabu vya benki za damu vinataja 22 katika 100. Kikomo tunachokisoma kwenye karatasi zetu hakikuwekwa kwa kutuangalia sisi, kwa hiyo msikubali namba ndogo peke yake ifunge jalada la mgonjwa.

Namba kubwa nayo ina mambo yake. Jiwe likiziba mfereji wa nyongo, au kongosho likivimba, CA 19-9 hupanda bila saratani yoyote. Mtu mwenye macho ya manjano apimwe tena baada ya nyongo kufunguka.

Tena vifuko vyenyewe si vya aina moja. Vipo vinavyobaki baada ya kongosho kuvimba kwa sababu ya pombe au mawe ya nyongo; wanywaji wa uraka na gongo msimu wa mabibo tunawajua. Hivyo havigeuki saratani. Vinavyotutia hofu ni vile vyenye ute, na damu haiwezi kukuambia kipi ni kipi. Mnunuzi wa korosho hapangi daraja kwa kupapasa gunia. Huchukua sampuli akapasua, akaona ndani. Kwa kifuko, kupasua kwetu ni sindano inayopitishwa kwenye tumbo la chakula kwa kamera yenye ultrasaundi, ikachota maji. Ndani ya maji hayo hupimwa CEA, protini ambayo huwa nyingi kwenye vifuko vya ute, na ikizidi nanogramu 192 kwa mililita tunaamini kifuko ni cha ute. CEA hiyohiyo ikipimwa kwenye damu haitusaidii kuvitofautisha.

Basi damu ina kazi gani? Mwongozo wa Kyoto wa 2024, ambao madaktari huufuata kwa vifuko vya ute vya kongosho, umeiweka CA 19-9 iliyopanda kwenye dalili za tahadhari, pamoja na kifuko kufika sentimita tatu. Humo humo kuna dalili nyingine ninayoipenda kwa sababu haihitaji safari ya Dar: kisukari kilichoanza, au kilichochafuka ghafla, ndani ya mwaka mmoja. Tone la damu la kidoleni, pale kwenye zahanati.

Miaka miwili baada ya ile chai, sukari ya mjomba ilipanda naye anakonda. Zahanati wakampa vidonge, wakampa na ushauri wa chakula, kazi nzuri kabisa kwa walichokijua. Habari za kifuko hawakuwa nazo. Karatasi ya CT scan ilikuwa kwenye mfuko wa rambo chini ya kitanda. Shangazi ndiye aliyenipigia simu. Tukarudia picha: kifuko kimekua, na ukutani mwake kimeota kinundu cha milimita sita. CA 19-9 ilikuwa vilevile, chini ya 37. Alipasuliwa. Leo anajichoma insulini na anapalilia mikorosho yake.

Kwa hiyo wauguzi wangu, akija mtu mzima mwenye kisukari kipya, hasa anayekonda bila kukusudia, kabla hamjamwandikia dawa muulizeni: umewahi kupigwa picha ya tumbo? Karatasi iko wapi?